Rangi ya Kucha

Gyumri, Machi. Barafu bado imeng'ang'ania kivuli cha gereji.
Opeli ya Mkrtich imekwenda kilomita laki mbili na ushei,
na mkanda wake wa taimingi una nyufa
kama kisigino cha mtu asiyevaa soksi.

"Usisubiri ukatike," alisema kwenye simu kutoka Rostov,
anakopiga lipu majumba ya watu.
"Ukikatika, pistoni zitazigonga valvu,
tutauza injini kwa kilo."

Basi nimevua kifuniko. Boliti ya nne imegoma;
nimeitukana, nikaimwagia mafuta ya taa, ikalegea.
Ndani, kwenye gia ya kamshafti, nukta nyekundu.
Chini, kwenye gia ya krenki, pacha wake.

Naijua nyekundu hiyo.
Kichupa nilichonunua kwa ajili ya harusi ya Arpine,
kikapotea, miaka tisa sasa.
Kwa kichupa hicho nilimwita Siranush mwizi
mbele ya mama mkwe,
na tangu siku ile hatujala meza moja.

Mume wangu alikuwepo. Alikuwa akitafuna mkate.

Mkanda mpya ni mgumu, unanuka duka.
Nauvisha, nakaza kikaza, kisha
spana kwenye krenki: mizunguko miwili kwa mkono,
taratibu, maana hapo ndipo chuma husema kama umekosea.
Wa kwanza.
Wa pili.
Nukta zimerudi zilipokuwa.

Ufunguo sijaugeuza.
Natafuta kwanza namba ya Siranush,
vidole vyeusi mpaka kwenye kucha.