Karatasi ya Pécs

Gyula alisema kwenye simu: taslimu.
Kislovenia chake kilikuwa neno moja, *denar*, yaani pesa,
nami Kihungari changu hakikuvuka asante.
Tukaelewana. Laki mbili na ishirini, forinti,
kwa kodiani nyekundu ya vitufe themanini
inayofanana na ile baba aliyoiuza
mwaka ule kiwanda kilipofungwa.

Nilishuka Pécs saa tano kasorobo, manyunyu.
Mashine ilikuwa imebanwa ukutani
kati ya duka la miwani na duka la mikate.
Nikachomeka kadi ya mkopo,
maana ile ya akiba ilibaki Maribor
kwenye mfuko wa koti la kijivu.

Ikaniuliza, kwa Kijerumani safi:
tukukate kwa forinti,
au kwa yuro, sarafu ya nyumbani kwako?
Nyumbani.
Mvuani, mguu mmoja una maji,
nani angelikataa neno hilo?
Nikabonyeza ndiyo.

Ikatema laki moja na nusu, ikafunga mdomo.
Kwa mkupuo mmoja haizidishi.
Nikachomeka tena.
Mlango mmoja, viingilio viwili.

Gyula alihesabu noti akilowesha kidole ulimini.
Hakuandika risiti. Aliifungua kodiani, akaifunga,
mapafu yale ya karatasi na ngozi yakakohoa,
akacheka, akanipa na mkanda wa begani, bure.

Barua ya benki ilikuja wiki ya tatu.
Ada ya mashine. Ada ya kutoa taslimu.
Ada ya mashine. Ada ya kutoa taslimu.
Ile ya neno nyumbani haikuandikwa popote,
ilijificha ndani ya kiwango cha kubadilisha
kama funza ndani ya tunda lenye rangi nzuri.
Chini kabisa, riba.
Ningenunua viatu kwa kadi hiyohiyo
ningesubiriwa hadi mwisho wa mwezi ujao.
Taslimu haisubiriwi hata usiku mmoja:
nilipokuwa bado natafuta mtaa wa Gyula
deni lilikwisha vaa viatu, linatembea.

Yuro sabini na moja na senti arobaini.
Haba na haba, kibaba kimetoboka.

Nikapiga simu. Akapokea binti, Neža, mpole.
"Masharti yapo, mama. Ukurasa wa kumi na tisa."

Nikanyamaza.
Sauti hiyo naijua. Ni yangu.

Miaka ishirini na sita nilivaa kofia ya bluu
kwenye treni za Maribor na Celje,
nikiwaambia watu waliotahayari mbele ya abiria wenzao:
"Kanuni imebandikwa pale, juu ya dirisha."
Palikuwa na kijana, Rok, mwanafunzi,
tiketi yake halali, ila ya jana.
Alinionyesha mikono yote miwili, mitupu,
kana kwamba kanuni huangalia mikono.
Nilimwandikia faini kwa mwandiko mzuri.
Niliusifia mwandiko huo, nakumbuka,
niligeuza kitabu nikautazama.

"Mama? Bado upo?"
Nipo, nikamwambia Neža. Nitalipa.
Naye akashusha pumzi,
bila shaka alikuwa amejiandaa kwa matusi.

Nimelipa. Dawa ya deni haina ladha nyingine.
Lakini karatasi sikuichana.
Gyula hakunipa risiti, picha sikupiga,
na kitufe kimoja cha kodiani, cha chini kushoto,
hunata, kwa hiyo kila wimbo wangu una shimo.
Karatasi hii peke yake inashuhudia:
tarehe nane, saa tano na dakika mbili, Pécs,
jina la mtaa limeandikwa bila kosa,
kisha tena, saa tano na dakika nne.

Imekaa ndani ya sanduku la kodiani,
chini ya mkanda wa bure.