Viunzi Kumi na Viwili

Tulikuwa na viunzi kumi na viwili vya mbao,
na huko juu ya Naryn hakuna mti wa kukata cha kumi na tatu.
Kila usiku mraba: vitatu upande huu, vitatu ule.
Kondoo thelathini na sita waliingia, wakabanana, wakalala.

Masika yale mama alirudi mnadani
na wanane wa ziada.
Baba akatoka, akahesabu, akarudi hemani.
"Batma, umenunua sufu, hukununua uzio.
Mzingo hauumuki kama unga."

Wanane wakalala nje.
Asubuhi tulikuta saba,
na nyayo za mbwamwitu zikishuka korongoni.

Baba, kwa hasira, akajenga pembetatu,
vinne kila upande, kama kofia iliyolaliwa:
wakaenea ishirini na saba.
Hata mbwa alitazama pembeni.

Mama akapigilia kigingi katikati,
akavuta kamba mpaka kati ya kiunzi,
akafunga fundo.
Akauvunja uzio, akajenga mraba. Fundo likasogea.
Akajenga pembe sita, viwili viwili. Likasogea tena.
Arobaini na mmoja ndani,
wawili nje, wakitutazama.

"Njoo uone, Ayzada," akaniita.
"Kila kiunzi ni kitako cha pembetatu,
ncha zote zinakutana kwenye kigingi.
Nusu ya kumi na viwili ni sita.
Sita mara kamba: hilo ndilo eneo.
Mbao sijaongeza hata moja.
Kilichorefuka ni kamba."

Kisha akaachanisha vyote,
kila kiunzi upande wake, kila kona ukanda wake wa ngozi,
na mikono yetu ikanuka ngozi mbichi hadi giza.
Kamba ikafika karibu viunzi viwili,
pungufu ya shubiri na kidogo.

"Tungekuwa na vipande elfu, vifupi vifupi?"
"Ingerefuka kwa upana wa vidole vitano,
basi, isingesogea tena."
Akaelekeza kidevu kwenye hema letu, la duara,
alilolisuka mama yake
bila kumwambia mtu sababu.

Arobaini na watatu wakaingia.
Baba akahesabu. Akahesabu tena,
akaweka kiganja pale sufu ilipokosekana.
"Imebaki nafasi ya mmoja," akasema.

Mama hakujibu.
Alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya kumi na mbili,
akikaza ukanda kwa meno.