Usiku wa Kujaribu Hema

Wiki moja kabla ya msimu kufunguliwa
Kihwelo alitugawia namba, si funguo;
hema halina kufuli, lina zipu.
Akasema, "Leo mtalala kama wageni.
Ogeni kama wageni, geukeni kitandani kama wageni,
na asubuhi kila mtu aniletee karatasi:
kipi kinavuja, kipi kinakwama, kipi kinanuka."
Mimi, Semgaya wa kufulia, nikapewa namba saba.

Namba saba naijua kwa shuka zake.
Miaka minne nazisugua.
Najua aliyekula embe kitandani,
najua aliyelia hadi wanja wote ukahamia kwenye foronya.
Wapenzi nawajua, wagomvi pia:
wagomvi hulala pembeni,
katikati ya shuka inabaki pasi yangu.
Lakini sikuwahi kujua dari ya turubai
ikoje ukiitazama chali.

Ina mshono mmoja uliopinda.
Niliuandika.

Lusungu wa jikoni akaleta chai kwenye trei,
akainama, kicheko amekibana mashavuni:
"Kamwene, madamu."
"Kamwene. Iweke hapo."
Tukacheka hadi vijiko vikalia.
Alipoondoka, kiti cha ngozi kikabaki kinanitazama.

Nikaoga maji ya ndoo iliyotundikwa mtini,
vuguvugu, yananuka mchaichai na moshi kidogo.
Ndoo kama hii, nyumbani, tunaiita shida.
Hapa imefungwa mnyororo wa shaba.

Chini, Ruaha imeshaanza kukonda,
mchanga unatoa mbavu,
viboko wanagombania dimbwi na kutukanana.

Saa saba usiku akaja.
Sikumsikia kwa miguu, tembo hana miguu usiku.
Nilimsikia kwa tumbo, ile ngurumo ya kusaga,
kisha tawi la mgunga, kwaa,
kisha pumzi, hapo, upande wa pili wa kitambaa
ambacho najua uzito wake kikilowa.

Mkono wangu ukaruka wenyewe kutafuta debe.
Mkono una akili yake: umekulia Mapogoro,
juu ya ulingo, katika mahindi ya mama.
Unajua debe liko kulia, gongo liko kushoto,
na sauti iko kooni tayari:
Amkeni! Wameingia!
Ukagusa glasi ya maji,
biskuti mbili ndani ya leso,
filimbi yenye utepe,
na kadi: Usiogope. Furahia.

Sikupuliza.
Alikuwa anakula maganda ya mgunga kwa adabu,
kama mtu aliyealikwa.
Nikawaza, ndiye yule?
Mwaka juzi mwenye sikio lililochanika
alimaliza robo tatu ya eka kabla jogoo hajawika,
na mama akaketi kwenye mabua, hakulia,
akauliza tu debe kaliacha wapi.
Kuna watu hupanda ndege mbili
ili pumzi hii iwapite karibu hivi.
Na mama, usiku huu huu,
yuko macho bure.

Nilimwambia kwa Kihehe, taratibu asishtuke,
asivuke barabara ya Tungamalenga wiki hii,
upande wa bondeni bado hatujavuna.
Akatikisa tawi.
Hilo si jibu. Hiyo ni njaa.

Asubuhi, karatasi.
Zipu ya bafuni inakwama. Mshono wa dari umepinda.
Taa ya kulia inapepesa.
Mwisho kabisa niliandika: Hakuna debe.
Kihwelo akasoma mara mbili.
"Debe la nini, Semgaya?"
"La takataka," nikasema.
Akaandika pembeni: linunuliwe.

Kisha nikavua shuka, nikazipeleka kwenye karai,
nikazipekua kama ninavyopekua za wengine,
natafuta alama ya mgeni.
Hapakuwa na embe wala wanja.
Katikati, pasi yangu haikuvunjika.
Nililala pembeni kabisa,
mguu mmoja umeshashuka chini.