Nyuzi Mbili, Isevya

Kiangazi cha Tabora hakichagui.
Kilipasua midomo yetu, kikapasua mlango wa karakana,
na mwezi wa tisa kikaipasua ngozi ya chatu
kwenye zeze la Bwana Gao, fundi wa reli.

Akaja nalo limevikwa taulo, kama mtoto mwenye homa.
"Fundi Kapembe, hili linapona?"
Nikaligeuza. Kisanduku cha pembe sita, shingo nyembamba,
na upinde uliofungiwa kati ya nyuzi mbili: hautoki,
hata ukitaka kuupaka ulimbo
utaupaka humo humo, ndani ya ndoa yake.

Kwao, akasema, wahenga waligawa sauti kwa asili yake:
chuma, jiwe, hariri, mwanzi,
kibuyu, udongo, ngozi, ubao.
Mke wangu Nyanzobe, ungo mkononi, akahesabu.
"Yote tunayo, ila hariri."
Kisha: "Na jiwe, nani analipiga?"
Wafalme. Waliyatundika kama nguo za kuanikwa,
pamoja na kengele za shaba, kila moja sauti mbili,
wakazikwa nazo.
Nyanzobe akapeta. "Basi walionyimwa ni walio hai."

Kabla ya wafalme, filimbi:
mfupa wa bawa la korongo, matundu saba,
miaka elfu nane chini ya ardhi,
na ilipopulizwa bado ilikuwa na la kusema.

"Na hili?"
Hili la juzi, miaka elfu hivi.
Jina lake limebeba neno la kale
la wageni wa kaskazini, wapanda farasi.
Watu wameusahau ugeni. Jina halikusahau.
Nikanyamaza. Sisi nasi jina tulipewa na watu wa pwani,
walioona tunatokea mwezi unakoandama.

Chatu sikuwa naye, na bwana nyamapori hana utani.
Nikawamba ngozi ya mbuzi wa Uyui.

Akaketi juu ya ndoo, akavuta upinde.
Halikulia kama zamani; uso wake ulisema.
Lilikwaruza, likakohoa, likapanda,
likawa na lafudhi.
"Nyumbani watauliza nimelitoa wapi,"
akasema, akalipa, akadai chenji.

Ile ngozi ya chatu nimeipigilia ukutani.
Watoto huhesabu magamba.
Hawajawahi kupata idadi moja.