Kinyozi wa Kizimba cha Saba

Saa mbili asubuhi, Norwe ya kaskazini,
na jua la Januari
bado halijaamua kama litakuja.
Taa ya boti inakata theluji vipande.
Mimi na Eivind, na ndoo mbili:
ya bluu ya samoni,
nyekundu ya vinyozi.

Vinyozi tuliwaita sisi, kwa utani,
siku lori lilipowamwaga hapa gatini,
elfu kumi na mbili,
kila mmoja kama ngumi ya mtoto,
kijani, vinundu mgongoni,
sura ya mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha.
Kazi yao moja: kumfuata samoni,
kumdonoa chawa ubavuni,
leo, kesho, mtondo.
Kampuni iliwapiga picha ya kalenda.
Walikuwa mwezi Mei.

Kisha likaja doa,
jeupe, kama unga, kuzunguka jicho.
Pezi la mkia likachakaa
mfano wa pindo la shuka kuukuu.
Daktari Gunnvor akaja na kisu kidogo,
akampasua mmoja juu ya meza yetu ya chai.
"Samahani," akasema,
sijui kwangu au kwake.
Wengu ulikuwa na chembe nyeupe,
chenga za mchele mahali pasipo mchele.
Akapaka figo kwenye kisahani cha damu ya kondoo,
na siku ya nne vikaota vidoa vya kijivu,
vinang'aa, vimetulia,
kama wapangaji waliokwisha lipa kodi ya mwaka.

"Bakteria," akasema.
Nikamwambia, hawa walichanjwa!
Nilikuwepo. Niliwashika mimi,
sindano tumboni, elfu nne kwa siku,
kidole gumba kikafa ganzi hadi Pasaka.
Akafuta miwani yake.
"Chanjo ile ni ya ugonjwa mwingine."

Naam.
Tulitia kufuli mlango wa mbele,
mgeni kapita jikoni.

Kinyozi hajinyoi, sawa.
Lakini aliyeitunga methali
hakutaja nani ashike wembe.

Samoni ni wazima. Wanageuka chini yetu
wakimetameta, ngozi safi, bima wanayo.
Fomu yao ina safu ya *sababu ya kifo*,
visanduku tisa vya kuchagua.
Fomu ya vinyozi ina idadi tu.

Leo arobaini na mmoja.
Wa arobaini na mbili hakutaka kuhesabiwa.
Amejibandika ndani ya ndoo
kwa kile kisahani cha kifuani
alichopewa cha kushikia mwamba
bahari ikikasirika.
Jicho lina pete nyeupe.
Mdomo unafunguka, unafumba.
"Mtoe," anasema Eivind, bila ukali,
"beseni la dawa ya kulaza liko tayari."
Navuta.
Ndoo nzima inainuka.

Navua glavu. Napitisha kidole ukingoni,
taratibu, kama unavyombandua mtoto plasta,
naye anaachia ndoo
anashika kiganja changu.

Hana nguvu nyingi.
Ana za kutosha.
Tunakaa hivyo, sijui muda gani,
maji ya baridi yakiingia mkononi hadi kiwiko,
Eivind akitazama upande mwingine
kwa adabu.

Baadaye, katikati ya kiganja, duara jekundu,
ukubwa wa sarafu ya krona.
Naandika 42.
Injini imeshawashwa.
Kizimba cha nane.