Viatu Nilivyoviacha Kijitoni

Basi la usiku lilinitema Mũi Né alfajiri,
mimi na shanta langu la kilo kumi na nne,
shingo imekakamaa kama mpini wa jembe.
Kabla sijaiona bahari pua ilitangulia,
lakini haikuwa bahari: ni dagaa
waliolazwa na chumvi mwaka mzima ndani ya mapipa,
harufu inayoingia mdomoni bila kupiga hodi.
"Utazoea," alisema kijana wa pikipiki,
"au utaondoka. Wengi huondoka."

Chumba kina vitanda kumi na viwili,
soksi za watu zimeanikwa kwenye feni.
Juu ya sinki Bi Nhàn, mwenye nyumba, ameandika kwa wino mwekundu:
MSIOSHEE MCHANGA HAPA.
Chini yake mkono mwingine umeongeza:
samahani, ni mimi tena.

Wageni wote tuna orodha moja:
vilima vyeupe jua likichomoza,
vilima vyekundu likizama,
kijito katikati.
Niliifuata kama kondoo, sikatai.
Gizani tulipanda, watu mia mbili na simu zetu,
tukalingoja jua
kama abiria wanaongojea mizigo yao.
Mvulana akikodisha vipande vya plastiki vya kutelezea aliniambia:
"Dongi elfu ishirini. Kuanguka ni bure."
Nilianguka bure mara tano.

Kisha kijito.
Maji hayafiki hata kifundo cha mguu,
yana rangi ya chai iliyozidishwa maziwa,
upande mmoja kuta nyekundu zilizochongwa na mvua,
upande mwingine mianzi, na ng'ombe mmoja asiyeshangaa kitu.
Mlangoni, msichana wa miaka tisa hivi, jina lake Diễm,
alinyoosha mkono: viatu.
Kuvilinda, elfu tano.
Nilimpa viatu vyangu vya mlimani,
mshahara wa mwezi mzima,
ingawa cha kushoto kilikwisha kuanza kucheka.

Nilikwenda hadi mwisho.
Mwisho ni poromoko lenye kimo cha mtoto.
Sijui nilitarajia nini.
Niliporudi palikuwa na kiti cha plastiki,
kitupu.

Nilitukana. Nilitukana kwa lugha yangu,
nikauhukumu mji mzima kwa kilomita tatu,
lami ikinichoma nyayo,
mpaka nikafika kwenye uga wa mapipa.
Mwanamke mmoja alinitazama miguu, akanitazama uso,
akacheka mpaka akaegemea pipa,
akanirushia kandambili.
Kandambili kweli, lakini zote za mguu wa kulia.
Niliuliza bei. Akapunga mkono kama afukuzaye nzi.

Usiku, kutoka darini, niliona jiji upande wa bara,
taa maelfu kwa maelfu, safu kwa safu.
"Si jiji," alisema Bi Nhàn, akimenya pomelo.
"Ni mashamba ya matunda ya joka.
Tunayawashia taa yadhani bado ni mchana,
yazae wakati bei iko juu."
Akanipa kipande.
"Ninyi tunawawekea machweo."

Asubuhi Diễm alikuwa langoni.
Viatu vimeoshwa. Kinywa cha kile cha kushoto
kimeshonwa kwa uzi wa nyavu, mshono mdogo mdogo, wa subira.
Baba yake ni fundi, alisema, na hufunga saa tisa,
asingengoja mtu atembeaye polepole hivyo.
Nyumba saba za wageni alizipitia
akiuliza nani ana miguu mikubwa.
"Elfu tano ya kulinda. Elfu thelathini ya kushona."
"Na ya kunitafuta?"
Akafikiri, kidole puani.
"Hiyo ni bure. Kama kuanguka."
Kumbe yule wa vilimani ni kaka yake.

Nililipa. Sikumwambia nilichokisema barabarani.
Saa nne nilipanda basi la Đà Lạt,
na huko juu, penye baridi na misonobari,
nikifungua shanta kutafuta sweta,
harufu ile ikatoka kwanza,
kisha kandambili,
mbili, za kulia,
ambazo hakuna aliyenituma kuzichukua
na ambazo sikuzirudisha.