Kondoo Juu ya Paa

Naezeka mapaa. Vibamba vya mawe, vya kijivu,
vilivyochongwa kwenye mlima uleule unaotunyeshea.
Hapa Blaenau mvua si habari.
Habari ni ikikatika.

Mwanangu Macsen alitimiza miaka miwili na miezi tisa
na neno moja kinywani: ba.
Ba ni maziwa. Ba ni gari la takataka.
Ba ni kidole kilichobanwa na mlango.
Mama mkwe akasema, mwache, hata Gwilym alichelewa.
Gwilym aliyechelewa alikuwa palepale,
anatafuna mkate. Hakujibu.

Mtaalamu wa usemi akaja kutoka Bangor, Bi Nerys,
viatu vimelowa, mkobani hamna dawa.
"Unamghania mashairi?"
Nikacheka. Washairi wa bonde hili hushindania kiti,
kiti hasa, cha mwaloni, wakakalishwa mbele ya watu.
Mimi nina ngazi.

"Ngazi inatosha. Mistari miwili.
Wa pili uache wazi mwishoni,
pale kina kinapotaka kutua.
Kisha nyamaza. Hesabu mpaka kumi.
Usimjazie."

Usimjazie! Mimi, ambaye riziki yangu ni kuziba.

Nikaanzia juu ya paa la kanisa kuukuu,
nyundo mkononi, misumari ya shaba mdomoni,
natafuta maneno ya Kiwelisi yanayoishia sawa.
Kumbe ni kazi ileile:
kibamba cha juu hukilalia cha chini,
silabi ya huku ikailalia ya kule,
na sikio, kama dari, hujua panapovuja.

Usiku, bafuni, povu hadi masikioni:

    Kondoo juu ya paa,
    kakesha alia…

Moja. Mbili. Macsen akanitazama mdomo.
Tano. Bomba likadondosha tone.
Nane. Neno njaa limenikalia ulimini,
limeshavaa viatu, linangoja mlango.
Kumi.
Akapiga maji kofi. Ba.

Jumatatu, ba. Alhamisi, ba.
Wiki ya tatu nikawa namghania hata kwenye foleni ya posta,
mpaka karani akatoa kichwa dirishani: "Njaa!"
Nikamtolea macho.

Kisha usiku mmoja nilikasirika.
Niliutupa mstari kama mtu anayemwaga ndoo,
nikanyamaza, si kwa subira, kwa uchovu.
Sikuhesabu.
Umeme ulikuwa umekatika. Gwilym amesimama mlangoni
na taa yangu ya kofia, ile ya kazini.

    Kondoo juu ya paa,
    kakesha alia…

"Taa."

Si njaa. Taa.
Hakuna aliyemfundisha. Aliingia mwenyewe
katika ghala la maneno, gizani, akapapasa,
akatoka na lenye mlio uleule.
Miezi yote ile ya ba
alikuwa anasikiliza jinsi maneno yanavyoisha.

Na ukifikiri, ana haki.
Bonde zima limejaa majani, njaa ya nini?
Kondoo yuko juu ya paa, usiku, mvua inapiga,
vibamba vinateleza kama sabuni.
Anacholilia ni taa.

Gwilym akakaa sakafuni na suruali yake ya kazi,
akakohoa. Miaka saba ya ndoa
sikujua kama na yeye anao:

    Kondoo juu ya paa,
    kakesha alia taa,
    mwezi ukamkataa…

Akakwama. Au alikusudia, sijamuuliza.
Macsen akamtazama mdomo.
Mstari wa nne hakuna aliyeujaza.
Maji yalipoa, povu likafa,
nasi tukahesabu mpaka kumi,
kisha tukaanza tena na moja.